Pikipiki ya Mugonjwa Hailali

Kitenge kilikuwa kipya, jamani! Cha rangi ya chungwa chenye ndege weupe, siku yake ya kwanza kuona jua. Léontine alikuwa amekivaa kwa maringo yote pale Alunguli, kwenye kivuko, ambapo watu, mbuzi na vikapu vya samaki wa Lokandu waligombania nafasi ya kuvuka Lualaba kwenda Kindu mjini. Mara pikipiki ikatokea njia ya Kampene, ikaingia dimbwini, na matope yote yakahamia kwa wale ndege.

"Weye!" Léontine alipiga kelele. "Macho yako uliyaacha Kampene?"

Kijana alivua kofia yake nyeupe ya chuma na miwani ya vumbi. "Samahani, dada. Macho yalikuwa kwako. Njo maana."

"Na mikono?"

"Mikono ilifuata macho."

Watu kivukoni wakacheka. Léontine alijaribu kununa, akashindwa. Kwenye karatasi za serikali majina ya Kizungu kama lake yalikuwa yamekatazwa miaka ile. Huko aliandikwa sitwayeni, yaani raia, Kavira, binti wa Nzanzu, mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Lakini nani Kindu alimwita Kavira? Na kijana alikuwa Okito, mmoja wa wanaume saba waliopeleka chumvi na sabuni Kampene kwa pikipiki, kisha Jumapili, badala ya kupumzika kama watu wenye akili, wakazipanda tena kwa raha tu.

Baada ya wiki mbili Léontine, ambaye kazi yake ilikuwa kushona, alikata kipande cha kile kitenge chenye doa, akakifunga kwenye usukani wa Okito.

"Ya nini hii?"

"Nikuone toka mbali, nikimbie."

"Na ukishindwa kukimbia?"

"Nitapanda nyuma. Nitafanya nini tena?"

Akapanda. Mji mzima ukasema, wao wakaendelea.

Dukani kwa Baba Nzanzu, karibu na kivuko upande wa mjini, kulikuwa na foni, ile redio ambayo mmoja anasema, mwingine anangoja mpaka aambiwe "à vous." Kila akifika Kampene, Okito aliita.

"Nimefika salama, asali yangu. À vous."

"Asali gani, na baba iko hapa? À vous."

Wenye foni njia nzima walisikia, na Baba Nzanzu alikohoa kwa nguvu kuliko wote.

Kisha safari moja Okito akasema atarudi Jumanne. Jumanne ikapita, na juma zima likapita, foni kimya. Siku ya kumi Léontine alikuwa barazani na cherehani yake alipoona kitambaa cha chungwa kinakuja. Moyo uliruka! Kofia ileile nyeupe, miwani ileile ya vumbi. Lakini nyuma alikaa mwanamke wa kitenge kijani, mkono mmoja umeshika kiuno cha dereva. Kofia haikugeuka hata kidogo. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Sindano ilimchoma kidole, na hakuhisi.

"Baba," alisema, "shangazi ananiita Butembo tangu zamani. Nipeleke."

"Lori inaenda Ijumaa," alijibu baba, akamtazama sana.

Sasa mimi niwaambie alichokuwa hajui. Homa ya matumbo ilimwangusha Okito katikati ya njia. Jérôme, mkubwa wa wale saba, alimfunga mgongoni kwa kitenge kama mama anavyofunga mtoto, akaendesha hivyo siku mbili mpaka hospitalini kwa masista, Alunguli. Wengine wakaileta pikipiki yake. Na wale wanaume walikuwa na sheria yao: pikipiki ya mugonjwa hailali. Kila siku mwenzake mmoja lazima aiendeshe, amevaa kofia ya mwenyewe, isije ikamsahau. Ikilala, walisema, na mwenyewe atalala. Ndiyo maana Jérôme alipita mjini juu yake, nyuma amempakia Victorine, dada wa Okito, na chungu cha uji wa mgonjwa, kuelekea kivukoni.

Na nani alikwenda kumwambia Léontine? Hakuna! Wanaume sita wazima, kila mmoja alijua kwa hakika kwamba mwenzake amemwambia. Okito naye, kitandani, aliona wote wanakuja ila mmoja. Hakuuliza, kiburi cha mwanaume. Alijisemea moyoni kwamba Léontine ameogopa ugonjwa, akageukia ukuta, na uji ukapoa.

Alhamisi aliinuka kwa mara ya kwanza, akashika ukuta mpaka kwenye foni ya masista.

"Duka ya Baba Nzanzu, huku ni Okito. À vous."

Léontine alikuwa anafunga sanduku. "Njo yule wako," baba alisema. "Utajibu, ao nizime?"

Alishika foni kwa hasira. "Okito gani? Yule wa matope? À vous."

"Léontine, unaogopa mugonjwa? À vous."

"Mugonjwa gani anapita hapa kila siku na mwanamuke nyuma? Nimeona na macho yangu! Kesho naenda Butembo. À vous."

"Mupenzi, niko ndani ya kitanda ya masista. Kusimama nimeanza leo. À vous."

"Muongo we..."

Hakumaliza. Nje ilinguruma sauti anayoijua. Kitambaa cha chungwa, kofia nyeupe, kitenge kijani. Na ndani ya foni mtu anakohoa: "Léontine? Uko? À vous." Mtu mmoja hawezi kuwa kwenye kingo zote mbili za Lualaba!

Alitoka mbio, peku, akasimama katikati ya njia mikono wazi. Breki zililia. Kofia ikavuliwa, kikatoka kichwa cha Jérôme chenye upara.

"Shemeji! Unataka kufa?"

"Okito iko wapi?"

"Kwa masista. Si unajua?"

"Nani aliniambia?"

Jérôme alikuna upara. "Nilifikiri Octave..."

"Na Octave alifikiri ni weye!" Victorine alishuka kwa hasira. "Wanaume sita, na kinywa hata kimoja hakuna! Panda mahali yangu, dada. Shika chungu."

Kufika kivukoni, wale watano walikuwa wamesikia, wakajipanga nyuma, mmoja amempakia Victorine, kila mtu na aibu yake.

Okito alikuwa kwenye benchi nje kwa masista, shingo imebaki nyembamba, macho makubwa. Léontine aliketi kando yake na chungu. Alichota uji. "Fungua kinywa."

"Nilifikiri umeogopa."

"Nilifikiri umepata mwingine. Meza!"

"Mwingine gani atanivumilia?"

Alimeza, machozi yakimtoka, na Léontine alilia huku anamgombeza. Chungu kilipokwisha, Okito aliwatazama wenzake.

"Ndugu zangu. Jérôme, ulinibeba kama mama. Nyinyi wote, muliamsha pikipiki yangu kila siku, na mimi nikaamka nayo. Sina kitu ya kuwapa. Aksanti. Aksanti tena."

Octave alisema vumbi limemwingia jichoni, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

"Léontine," Okito aliendelea, "nikipiga magoti sitasimama tena. Basi nasema nikikaa: nataka nikuoe."

"Nimekubali. Lakini baba lazima asikie."

Dirishani Sista Émilienne alikuwa anacheka, kidole chake kimebonyeza kifungo cha kusemea cha foni tangu zamani. Alikiachia, na sauti ya Baba Nzanzu ikatoka: "Nimesikia. Hata Kampene wamesikia. Apone kwanza, halafu alete wazee. Lori ya kesho nitapakia chumvi. À vous."

Vigelegele vya Victorine viliwaamsha wagonjwa wote.

Ilibaki sheria ya mwisho. Siku mgonjwa akisimama, pikipiki aiwashe mwenyewe. Okito alikanyaga mara ya kwanza, kimya. Ya pili, akashika usukani asianguke. Wenzake walisogea, Jérôme akawazuia kwa mkono: sheria ni sheria. Lakini Léontine hakuwa mmoja wa wale saba. Aliweka mguu wake peku juu ya mguu wa Okito, wakakanyaga pamoja.

Injini ikanguruma, na ndege weupe wenye matope wakatikisika kwenye usukani.

"Aksanti, bibi yangu."

"Bado!" alisema Léontine. Lakini mguu hakuuondoa.