Evodius Juu ya Dungu

Mpunga ukianza kukomaa, Evodius na mkewe Domitila hupokezana kuamia ndege. Wa zamu hupanda dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, akashika kamba yenye makopo. Akivuta, makopo hulia, ndege huruka.

Siku moja Evodius alikaa juu ya dungu, lakini akili haikuwapo. Aliwaza mafuriko ya mwaka jana na majirani waliomcheka. Kamba ilikuwa mkononi mwake. Ndege aina ya kwelea wakala robo ya shamba mbele ya macho yake.

Aliona aibu. Jioni shemeji zake walipokuja, akasema, "Dada yenu alilala shambani."

Domitila aliyasikia hayo. Alifunga nguo zake, akavuka daraja, akaenda kwao Lupiro.

Asubuhi bibi shamba Angelina alikuja kutazama hasara.

"Shikamoo, baba. Mama hayupo?"

"Marahaba." Evodius alitazama chini. Kisha akasema yote, hata uongo wake. "Nikifumba macho nawaona wale ndege, mwanangu."

"Niliposomea mpunga Japani nilifundishwa kukaa na kutuliza akili. Wanaita zeni. Nyoosha mgongo, macho nusu wazi. Hesabu pumzi, moja hadi kumi. Akili ikitoroka usiigombeze. Irudishe, anza tena moja."

"Hiyo si dini? Nitafukuzwa kwaya!"

"Imetoka kwa Wabudha. Mimi nakaa hivyo kila siku, na Jumapili si tunaonana kanisani?"

"Itarudisha mpunga?"

"Hata punje moja hairudi. Ulioliwa umeliwa. Kaa na hilo, usilikimbie."

Evodius alikaa palepale kwenye dungu. Alifika nne, akili ikaenda Lupiro. Akaanza moja. Aibu ilimchoma, lakini hakuinuka. Siku ya tano aibu ilikuwapo bado. Akaondoka nayo hadi Lupiro.

"Shemeji zangu, Domitila hakulala. Zamu ilikuwa yangu. Nilisema uongo. Domitila, nisamehe."

"Kumbe ndege walikuomba ruhusa!" alisema shemeji yake Remigius. Wote wakacheka. Uso wa Evodius uliwaka moto. Hakujitetea. Alivuta pumzi moja, akaishusha.

Domitila alimgeukia. "Nani anaamia leo?"

"Bernadeta, jirani yetu."

"Yule? Haoni hata tembo! Ngoja nichukue nguo zangu."

Mwaka huo walivuna kidogo, na Evodius hakumlaumu mtu. Hadi leo, akiwa zamu, hunyoosha mgongo na kuhesabu pumzi, macho yakiwa shambani. Kwelea wa kwanza akitua tu, makopo hulia. Domitila huyasikia akiwa jikoni, akapaza sauti:

"Leo upo!"