Kikaza Mnyororo cha Zacharia

Adhana ya magharibi ilipoanza, Elly alikuwa amepiga magoti nyuma ya bohari huko Sulay, pembeni mwa Riyadh, akikaza mnyororo wa baiskeli uliokataa kukazika. Haikuwa baiskeli ya kwenda dukani. Haikuwa na kiti wala gia. Kazi yake ilikuwa kurukia mapipa na makontena huku watu wakipiga makofi. Bosi alikuwa na kikundi cha maonyesho, na mchezaji wake alikuwa Derrick, kijana wa Kakamega asiyejua kuogopa.

"Mnyororo ukichomoka kwenye onyesho la Jidda, mafi saini, hakuna saini," bosi alikuwa amesema. "Halas."

Saini hiyo ndiyo iliyomnyima Elly usingizi. Kaka yake Zacharia, fundi wa baiskeli hiyo kabla yake, alikuwa ameanguka ghafla humo humo boharini, na tangu siku hiyo alilala kwenye friji la mochari ya Riyadh. Bila saini ya kafili, yaani bosi aliyemdhamini, mwili hautoki. Kule Siaya mama yao alikuwa anapiga simu kila jioni, na swali lake lilikuwa moja tu.

Elly alikuwa amejaribu njia zote mbili alizozijua. Kwanza konokono, vile visahani viwili vinavyousukuma mhimili wa gurudumu nyuma ili mnyororo unyooke. Viliteleza. Kisha mkono wa springi, unaousukuma mnyororo kutoka chini. Derrick alipokanyaga kwa nguvu springi ikalegea, mnyororo ukaruka, naye akaanguka kwa mgongo.

"Buda, utaniua," Derrick alisema, akijishika kiuno. "Si kuna ile ya Zacharia?"

Ilikuwepo. Zacharia alijichongea kikaza chake mwenyewe, kipande cha chuma chenye kigurudumu kidogo, kisicholegea hata ukanyage vipi. Kilikuwa ndani ya sanduku lake la vifaa. Lakini kwao vitu vya marehemu havifunguliwi kabla hajazikwa, sembuse kuvitumia. Elly alilijua hilo tangu utotoni.

Akalifungua.

Joto lilikuwa bado linapanda kutoka sakafuni, lakini chuma kile kilikuwa baridi, baridi ya kuuma vidole. Kilinuka kafuri...

"Nisamehe, kaka," akanong'ona. "Ni kwa ajili yako."

Akakifunga. Akaweka kidole cha shahada chini ya mnyororo, akausukuma juu, vile Zacharia alivyomfundisha. Usiyaamini macho, alikuwa akisema, amini kidole. Mnyororo haukucheza hata kidogo.

Kisha kanyagio likazunguka lenyewe.

Tik... tik... tik...

Kitu baridi kikajipanga kando ya kidole chake, chini ya mnyororo. Kilikuwa laini. Kilikuwa na ukucha.

"Omera... ndugu yangu..." sauti ikasema, karibu kabisa na sikio. "Nimechoka."

Elly alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Hakukuwa na mtu. Mwenye akili zake angekifungua kile chuma papo hapo na kukirudisha. Elly alimfikiria mama yake, akaokota spana, akaikaza nati tena.

Huko Jidda, Derrick aliruka kuliko alivyowahi kuruka. Mnyororo ulishika. Lakini kila alipokanyaga, katikati ya makofi, Elly alisikia mguno wa mtu anayenyanyua mzigo mzito. Derrick alishuka akiwa amebadilika rangi.

"Nani alikuwa ananisukuma miguu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Bosi alicheka, akaweka karatasi juu ya boneti ya gari, akasaini. Elly alikimbilia spana ili akifungue kikaza cha Zacharia. Aliporudi, baiskeli haikuwepo.

"Imenunuliwa," bosi akasema. "Mtu wa mbali. Ataipanda kila siku. Yalla, nenda kachukue kaka yako."

Alimsihi amwambie ni mtu gani. Bosi alikuwa ameshaingia garini.

Kwenye mochari ya Riyadh, mhudumu Msudani alimvuta Zacharia nje ya friji, kisha akasita.

"Huu mkono," akanong'ona. "Juzi ulikuwa umelala sawa. Sasa haukunjiki."

Kidole cha shahada kilikuwa kimesimama wima nje ya sanda, kikisukuma juu. Ncha yake ilikuwa nyeusi. Elly akaigusa. Ilikuwa grisi, mbichi, ile ile ya mnyororo.

Akakikunja taratibu, machozi yakimtoka. Mama angetaka kuushika mkono huo kabla ya maziko. Kidole kilikubali. Kikalala.

Halafu, kwa nguvu, kikainuka tena.

Na tena.

Na tena... kwa mwendo wa mtu anayekanyaga.