Tarehe ya Umurerwa

Kila siku Umurerwa alirudi kutoka shuleni peke yake. Alikula viazi vilivyobaki asubuhi, akafua soksi zake, kisha akakaa mlangoni kumngoja shangazi. Shangazi Nyiramana aliuza nyanya Goma. Alivuka mpaka wa Kongo alfajiri na kurudi jioni, amechoka hata kusema. Mama yake Umurerwa alifanya kazi Kigali, na barua zake zilichelewa sana.

Shuleni Umurerwa alikuwa na rafiki mmoja, Kampire. Lakini mwezi wa pili, mwaka huo wa 1999, Umurerwa aliugua macinya, yaani kuhara damu. Alipopona na kurudi darasani, Kampire alibeba madaftari yake akahamia nyuma.

"Usiniguse, we," alisema. "Utatuachia macinya yako."

Wengine walicheka. Tangu siku hiyo, Umurerwa alikaa dawati zima peke yake.

Mwezi wa nne alifika mtaani Daktari Mukandori. Hakuwa daktari wa kutibu. Alikuwa amesoma Ulaya hadi shahada ya juu kabisa, na sasa alifanya utafiti. Alitafuta watoto waliopona macinya wiki hiyo au iliyotangulia, awatoe damu kidogo kila Alhamisi, kwa wiki sita.

"Mtu akiugua," alimweleza shangazi, "mwili wake hutengeneza kingamwili, askari wadogo mno wanaopigana na ugonjwa. Wako wa aina nyingi. Tukimpata aliye hodari kuliko wote, tunaweza kutengeneza wengine kama yeye, wawe dawa. Kumtafuta huchukua miaka. Mimi najaribu njia ya kumpata kwa miezi."

"Bon, mi nakubali," alisema shangazi, akitia sahihi karatasi ya idhini huku beseni la nyanya tayari liko kichwani. "Lakini tarehe ya kupona muulize mwenyewe. Mi siku zangu zote ni za soko."

Daktari alimgeukia Umurerwa. "Ulipona lini, mwanangu?"

Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amtazame hivyo, akingoja jibu lake.

"Wiki iliyopita," alisema Umurerwa.

Basi Alhamisi zikawa tamu. Sindano iliuma kidogo tu. Baada yake daktari alimuuliza amekula nini, amesoma nini, ameota nini. Umurerwa alihifadhi maneno ya wiki nzima kwa ajili ya saa hiyo moja.

Alhamisi ya nne, daktari hakufungua kisanduku chake cha barafu cha kubebea damu.

"Chembe zinazotengeneza askari huwa nyingi katika damu siku chache baada ya kupona, kisha hupungua," alisema. "Kwa wenzako nimeziona. Kwako, hakuna, hata katika damu ya Alhamisi ya kwanza. Kama njia yangu inakosea bila mimi kujua sababu, siwezi kuiamini. Kesho ninaisimamisha. Ni kazi ya miaka miwili."

Umurerwa alitazama vidole vyake vya miguu.

"Si njia yako, Daktari. Nilipona mwezi wa pili."

"Kwa nini basi ulidanganya?"

"Ningesema kweli, usingerudi."

Daktari alitoa kalamu. Kisha akafungua daftari, akaifuta tarehe ya uongo na kuandika ya kweli.

"Wiki nne zimepotea," alisema. "Lakini njia yangu imepona. Nawe bado unaweza kunisaidia kujua askari hudumu mwilini muda gani. Ila kwa hilo nitakuja mara moja kila miezi mitatu."

"Sawa," alijibu Umurerwa.

Daktari hakuondoka. Alimngoja shangazi, akamweleza yote. Shangazi alitua beseni polepole.

"We mutoto, mi niko hapa kila jioni, na we uko unatafuta mutu wa kukuuliza habari?"

"Unakuwa umechoka, shangazi."

Shangazi alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Upweke si kosa, Umurerwa," alisema daktari akitundika mkoba begani. "Mwambie mtu wako wa karibu. Lakini ukiutibu kwa uongo, anayeumia ni mgonjwa usiyemjua, anayengoja dawa."

Shangazi alimsindikiza hadi njiani, akarudi, akavua viatu vyake vyenye vumbi la Goma.

"Haya," alisema, akikaa karibu naye. "Niambie siku yako. Anza na asubuhi."