Nishani za Mhoja

Jua lilikuwa linazama Teodora aliposhuka Usagara, nje kidogo ya Mwanza, nishani za babu yake zimefungwa kwenye pindo la khanga. Safari ya kawaida tu: kumtafuta mzee mmoja, kumuuliza mawili matatu, kurudi zake Pasiansi. Laiti angejua.

Mtoto wake mchanga ndiye aliyemtoa nyumbani. Tangu azaliwe, kila jioni alilia mpaka sauti ikakauka. Hospitali hawakuona ugonjwa. Wazee wa ukoo wakasema analilia jina, na kwa Wasukuma hilo si la kubishia: kuna marehemu anataka kukumbukwa. Wakampa jina la babu yake Teodora, Mhoja, askari wa vita vya Kagera, waliyemzika mwaka jana. Walipolitamka tu, mtoto akanyamaza. Vigelegele vikapigwa.

Lakini alinyamaza mno. Tangu juzi hanyonyi. Analala macho wazi, hapepesi.

"Jina halijatulia," shangazi yake alisema. "Mtoto asimuliwe sifa za babu yake. Alipigana wapi, na nani."

Nani alizijua? Babu hakuwahi kusimulia vita. Ukimuuliza, aliinuka akaenda ziwani kutazama maji. Teodora aliulizauliza mjini mpaka akaelekezwa kwa Mzee Venant, aliyekuwa kikosi kimoja na Mhoja. Mtoto alimwachia mdogo wake, Modesta, na agizo moja: aendelee kumwita kwa jina lake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vuta kiti."

Mzee aliishi peke yake. Alizitazama nishani mezani, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu. Teodora alipomwambia ni za babu yake Mhoja, tabasamu likamtoka.

"Una picha yake?"

Teodora alimwonyesha kwenye simu. Mzee aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu simjui."

"Ndiye Mhoja, babu."

"Mhoja nilimzika mimi." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ng'ambo ya mto Kagera, kando ya barabara. Kijana mbichi, hakuwa na mke wala mtoto."

Teodora aliitazama picha tena. "Sasa huyu tuliyemzika sisi...?"

"Mungu ndiye anajua. Siku ya kugawa nishani, jina la Mhoja liliitwa, mtu akaitika. Mimi nilikuwa nimelazwa, mguu umevunjika. Niliposikia Mhoja yuko Mwanza, mzima wa afya, niliogopa. Nikanyamaza. Na Mhoja mwenyewe, kabla hajakata roho, alikuwa ameniomba nifikishe habari kwao..." Akamkazia macho. "Mjukuu wangu, mmeliita jina lile juu ya mtoto?"

"Kila jioni."

"Na mnamjua anayeitika?"

Teodora alimpigia simu mdogo wake. Akaweka sauti kubwa.

"Modesta, usimwite mtoto tena."

"Dada..." Modesta alinong'ona. "Mtoto ameitika."

"Mtoto mchanga anaitikaje?"

"Amesema naam. Sauti ya mwanaume. Anamuulizia Venant."

Mzee alifumba macho. Kisha akaisogelea simu.

"Mwambie Venant yuko Usagara," alisema. "Aje kwangu. Amwache mtoto."

Walimsikia Modesta akiyarudia maneno yale, neno kwa neno.

Halafu mtoto akalia. Kilio cha kichanga mwenye njaa, basi. Teodora aliweka mkono mdomoni, akalia naye kwa furaha.

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Udongo mbichi... na mafuta ya bunduki.

Mbwa wa jirani walinyamaza wote.

Kra... kra... kra...

Viatu vizito, kwenye changarawe. Vikasimama mlangoni.

"Hodi."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni wa namna gani. Teodora hakukusudia kujibu, ila mtu aliyelelewa vizuri, jibu la hodi humtoka lenyewe mdomoni.

"Karibu."

Mlango ulifunguka kidogo. Nje palikuwa na giza tu, na giza lile lilikuwa na umbo la mtu.

"Shikamoo, mzee," ilisema sauti ya kijana, yenye adabu. "Namtafuta Venant. Nimeambiwa yuko hapa."

Aliyekufa hakuwa amezeeka hata siku moja. Mbele yake aliona kikongwe mwenye mvi, hakumtambua mwenzake. Teodora alimgeukia mzee, akamshika mkono kwa nguvu. Sema. Sema ni wewe. Kwenye simu mtoto alikuwa bado analia, na kilio kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote.

Midomo ya mzee ilicheza.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Venant hayupo."

"Basi narudi kwa mtoto."

Viatu viligeuka. Teodora alikurupuka, simu mkononi, akatoka mbio gizani. "Ni huyu!" alipiga kelele. "Venant ni huyu, yuko hapa ndani!" Barabara ilikuwa tupu. Nyuma yake alisikia mzee akitia komeo mlangoni.

Kwenye simu, kilio kilikatika katikati.

"Modesta? Modesta, unanisikia?"

"Dada..." Modesta alikuwa anahema. "Ameitika tena. Na mimi sijamwita."