Notisi ya Siku Thelathini

Lorena Tafoya na Garrett Lindholm walijuana kwa kugombea burito. Ndiyo, chakula, chapati iliyokunjwa na mboga ndani! Asubuhi hiyo ukumbi wa Denver ulifurika wanafunzi wa sheria za mazingira kutoka kila pembe ya Marekani, na kwenye sinia ilibaki burito moja tu ya pilipili mbichi. Mikono miwili ikaishika.

"Achia, kaka. Mimi natoka New Mexico, pilipili hii ni yetu."

"Na hapa ni Colorado, dada. Umevuka mpaka."

Wakaikata katikati. Mwaka mzima wakawa wanapigiana simu kila jioni, mpenzi huku, roho yangu kule.

Mkutano uliofuata, ukumbi uleule, Lorena alivaa gauni la buluu na hereni za feruzi za bibi yake. Alileta kifungu kipya cha kanuni za umoja wao wa wanafunzi: kila chuo kura moja katika kila jambo, kiwe kikubwa au kidogo. Hadi hapo ilikuwa hivyo kwa kubadili kanuni tu; mengine yote kura zilifuata idadi ya wanachama. Chuo chake kilikuwa na wanachama tisa, cha Garrett mia mbili. Kifungu kikianguka, vyuo vidogo vilishaapa kujitoa. Kamati ilipokijadili, Garrett akasimama kukipinga.

Lorena akamfuata nje ya ukumbi, machozi yakimlenga.

"Umenipinga mbele za watu, Garrett?"

"Wenzangu wamenituma. Kura si yangu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Chukua hiyo kura yako uende nayo!"

Hasira hasara, jamani. Garrett akachukua begi lake, akaenda.

Mchana mwenyekiti akahesabu wajumbe. Vyuo ishirini. "Akidi, yaani idadi ya chini ya kupiga kura, ni vyuo ishirini na kimoja. Nasubiri nusu saa, kisha nafunga mkutano."

Kifungu cha Lorena kilikuwa kinakufa bila hata kupigiwa kura, na aliyemfukuza mjumbe wa ishirini na moja ni yeye mwenyewe. Akampigia Garrett simu.

"Uko wapi?"

"Stesheni."

"Tumepungukiwa na chuo kimoja."

"Nikirudi nitapiga hapana. Unajua?"

"Najua. Rudi hivyohivyo."

Garrett akaingia anahema, shati limelowa, tai imepanda begani. Kura zikapigwa. Garrett akasema hapana kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. Ndiyo kumi na nne, hapana saba. Theluthi mbili kamili, kama kanuni zinavyotaka! Kifungu kimepita.

Lorena akamvuta kando, anacheka na kulia.

"Ungepanda treni tu, mngeshinda."

"Kushinda kwa kukimbia? Ningekutazama na macho gani?" Akatoa ratiba ya treni, nyuma imeandikwa kwa kalamu. "Soma. Niliandika kabla hujapiga simu."

Lorena akasoma: *Kwa kuwa mabadiliko yote yanahitaji notisi ya siku thelathini kwa maandishi, natoa notisi kwamba siku ya thelathini, mbele ya mama yako, nitatoa hoja tuoane.*

Akasoma tena.

"Kanuni zinasema siku za notisi zinaweza kufutwa, wajumbe wote wakiridhia."

"Wajumbe wangapi?"

"Wawili, mimi na wewe. Mimi nimeridhia. Mama nitampigia mwenyewe."

Garrett akapiga goti palepale, karibu na meza ya chakula, akatoa hoja yake. Safari hii hakuna aliyepinga.