Barabara Iliyofungwa kwa Wengine

Mhandisi wa barabara alikutwa amekufa ndani ya pikapu ya idara yake, chini kabisa ya korongo, kifua kimebanwa na usukani na kiatu kimoja kimemtoka. Juu, kwenye kona, barabara ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilisombwa na mvua za masika, ukabaki ukingo wa udongo mwekundu unaomeguka kama mkate mkavu.

"Ajali hiyo," alisema mkuu wa kituo kabla hajaulizwa. "Au uzembe wa yule mama anayelinda kizuizi. Nimeshamweka ndani."

Inspekta alimgeukia. Alikuwa ametumwa kutoka makao makuu ya mkoa asubuhi ileile, hajanywa hata chai, na askari wenzake hawakumbandika jina la Mama Pilipili bure.

"Kwa kosa gani?"

"Jana mkutanoni alimwambia marehemu kwamba barabara hii itammeza. Watu wote walisikia. Leo imemmeza. Unataka nini zaidi, afande?"

"Nataka ushahidi. Maneno ya hasira hata mimi ninayo, tena mengi."

Huo mkutano wenyewe ulikuwa matusi matupu. Barabara hii ndiyo pekee inayopanda hadi pale njia za miguu za mlimani zinapoanzia. Ilipoharibika, idara ilikingamisha bomba la chuma lenye kufuli kule chini, na kwenye kona ikapanga mapipa yaliyojaa mchanga, mbali na ukingo, kwa sababu ardhi ya ukingoni ilikuwa imeliwa kwa chini, tupu kama jino bovu. Waongoza wapanda mlima walitaka kizuizi kiondolewe wapate riziki. Wenye nyumba za wageni nao vilevile. Mhandisi akasimama, akawatolea uvivu: barabara inafungwa kabisa, hapiti mtu, na kesho alfajiri atapanda peke yake kuipima kwa mara ya mwisho. Viti vikaruka.

Inspekta alichuchumaa kwenye tope.

"Sajenti, hebu njoo."

Sajenti, mtu wa makamo ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake, alikuja akihema.

"Unaona nini?"

"Miduara, afande. Kama sufuria zimekaa hapa."

"Mapipa ndiyo yalikaa hapa. Sasa yako wapi?"

Sajenti aliangalia ukingoni. Mapipa yalikuwa yamesimama kule, kwenye mdomo wa korongo, na michirizi ya kuyabiringisha ilionekana wazi. Upande wa pili, chini ya ukuta wa mlima, lilikuwepo rundo la mawe. Ungedhani yameporomoka. Lakini mawe mengine yalikuwa na kuvu upande wa chini na udongo mbichi upande wa juu. Mawe yaliyogeuzwa kwa mikono.

"Ametegewa," alisema Sajenti polepole. "Mawe yamemsukuma nje, na mapipa yamemwambia kwamba huko nje ni salama."

"Na ukungu ulikuwepo. Mapipa aliyapanga mwenyewe, akayaamini. Haya, mkuu wa kituo, ajali yako iko wapi?"

Mkuu wa kituo alijitia kutazama simu.

Kilichomkera Inspekta zaidi kilikuwa chini kidogo ya kona. Matawi mabichi yalikuwa yamelazwa kukata barabara. Mwenye kambi ya mahema, aliyeigundua maiti alipopanda kwa miguu asubuhi, aliapa kwamba aliyakuta.

"Nilipoyaona nikasimama," alisema. "Bila hayo matawi, ule ukingo ungenimaliza na mimi."

"Uliwahi kuendesha gari?"

"Malori, miaka na miaka."

"Gari likikuharibikia, matawi unayawekaje?"

Mwenye mahema aliokota tawi, akalilaza, majani yakimwelekea anayekuja. "Hivi. Majani mbele, yaonekane kwa mbali. Kila dereva anajua."

Matawi ya barabarani yalilazwa kinyume. Vigogo vitupu, upande uliokatwa, vilimwelekea anayekuja, majani yakaelekea hatari. Yote, bila kukosea hata moja.

Matairi hayakuyagusa; yalilazwa baada ya gari kuanguka. Mtu ameua, kisha amekata matawi ili asife mwingine. Ni binadamu wa namna gani huyo?

Mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi alipekua vigogo kwa kioo chake cha kukuzia. "Panga moja limekata vyote," alisema. "Makali yana pengo. Ona huu mstari, umejirudia kila mahali."

* * *

Yule mama anayelinda kizuizi, ambaye kila mtu alimwita Mama Lango, alikuwa kwenye benchi la mahabusu, kitambaa cha kichwa mkononi. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni, hataki kuondoka.

"Mama yangu, ulimfungulia mhandisi?"

"Ana ufunguo wake. Alipita mwenyewe, hata salamu hakutoa."

"Kwa nini ulimwambia barabara itammeza?"

"Kwa uchungu, mwanangu. Wewe ungesemaje? Natukanwa na kila mtu. Natemewa mate, tangu yule kijana afie mikononi mwangu."

"Kijana gani?"

Mama Lango alimtazama mkuu wa kituo, akameza maneno.

"Hayo ni mengine," alidakia mkuu wa kituo. "Hayahusiani."

"Nilikuuliza wewe?"

"Hapana, afande, ila..."

"Basi funga mdomo!"

Lakini mama hakufungua tena wa kwake. Angepelekwa mahakamani kwa mauaji, na bado aliona heri kunyamaza mbele ya mtu huyo. Inspekta alitoka akiwa na hasira za kupasua meza. Ndani ya jengo hili palikuwa na uvundo, na haukutoka chooni.

* * *

Ghala la waongoza wapanda mlima lilinuka kamba mbichi na mafuta ya taa. Mkuu wao, mwanamume mkavu mwenye miguu mirefu waliyemwita Ngazi, alikuwa akikunja mahema. Aliwakaribisha Inspekta na Sajenti viti. Inspekta hakukaa.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Nani alikuona?"

"Mungu."

"Huyo simwiti kortini. Nifundishe kitu. Huko juu njia ikiharibika, wageni wasiifuate, mnaifungaje?"

"Kwa matawi tu."

"Nionyeshe."

Ngazi alivuta matawi ya kuni kutoka kwenye kona, akayapanga sakafuni. Mikono ilifanya yenyewe, kama ya mtu anayefunga kamba za viatu. Vigogo vikamwelekea Inspekta. Majani yakaelekea ukutani.

Sajenti alikohoa.

"Mbona vigogo mbele?" aliuliza Inspekta.

"Ukungu ukishuka huoni hata mguu wako. Unapapasa kwa fimbo. Ikigonga kigogo kitupu, unajua kimewekwa na mtu, unasimama. Ikigusa majani, unadhani ni kichaka, unapita, unakwenda na maji. Kila anayeongoza watu mlimani anajua..."

Aliyatazama matawi. Kisha akawatazama wao.

"Madereva hawajui hivyo," alisema Inspekta. "Mama Lango hajui. Lete panga lako."

"Tuko wengi tunaofanya kazi hii."

"Ndiyo. Lete lako."

Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Sajenti alilichukua kwa kitambaa, akapitisha macho kwenye makali. Katikati palikuwa na pengo la kutosha kuingia ukucha.

"Matawi yale yamekatwa na panga hili," alisema Inspekta. "Wataalamu watalithibitisha, lakini mimi na wewe tumeshajua. Sasa niambie, maana yuko mama wa watu anaozea rumande kwa ajili yako."

"Mama Lango?" Ngazi alishtuka. "Wamemkamata yeye?"

"Tangu asubuhi."

Mwanamume yule alikaa juu ya mahema yake.

"Mwachieni. Ni mimi. Nilibiringisha mapipa, nikapanga mawe, nikakaa juu nikingoja. Nilitaka afe, sikudanganyi. Alipoanguka nikakumbuka kuna watu watapanda kwa miguu. Wao wana kosa gani?"

"Na yeye kosa lake nini? Kufunga barabara?"

"Kufunga!" Ngazi aliruka, na Sajenti akashika rungu. "Angeifunga kwa kila mtu, ningemheshimu! Mdogo wangu alianguka huko juu, tumbo likachanika. Tukapiga simu, gari la wagonjwa likaja haraka, likasimama kwenye bomba la chuma. Nusu ya barabara inapitisha gari dogo, yeye mwenyewe alikuwa anapita kila siku. Mama Lango alimpigia akilia, amruhusu afungue. Unajua alijibu nini? Sheria ni sheria, nikimfungulia mmoja nitawafungulia wote. Tukambeba mabegani barabara nzima. Amefika kizuizini, gari lile pale unaliona, akakata roho. Alikuwa anaomba maji."

Inspekta alivuta kile kiti alichokataa, akakaa.

"Jumapili iliyofuata mhandisi akafungua kufuli mwenyewe. Amewapakia wakwe zake anawapeleka kutazama maporomoko ya maji. Mama mkwe yuko dirishani anacheka, akanipungia mkono. Afande, alinipungia mkono!"

Aliufunika uso kwa viganja, akalia kwa kwikwi.

"Mshenzi wewe," Inspekta alisema. "Umeniharibia kila kitu. Kesi yako ilikuwa ya haki, umeizika korongoni pamoja naye. Kwa nini hukuja polisi?"

Ngazi aliondoa viganja usoni. Alimtazama kama anayemtazama mgeni asiyejua lolote.

"Tulikuja. Mimi na Mama Lango, nguo zetu zina damu. Mkuu wako wa kituo akasema mambo ya barabara ni ya idara, si ya polisi. Akatuambia tukazike mtu wetu, tupunguze kelele."

* * *

Mkuu wa kituo alikuwa mezani kwake anakunywa chai waliporudi na Ngazi akiwa na pingu.

"Nilijua tu utampata," alisema akitabasamu. "Hongera, afande."

"Mfungulie yule mama."

"Mara moja."

"Ulimweka ndani ili asinieleze. Ulijua nani ana sababu ya kuua, tangu tuko pale kwenye kona, ukanyamaza, kwa sababu ningeuliza walipokuja kushtaki walijibiwa nini."

Tabasamu lilimkauka. "Afande, lile lilikuwa suala la kiutawala. Halikuwa na jalada."

"Nimeshaongea na mkuu wa upelelezi wa mkoa. Inuka kwenye kiti hicho."

"Hapa ni ofisini kwangu!"

"Inuka!" Inspekta alipiga meza, chai ikamwagika mapajani mwa mtu yule, na askari wote wa zamu wakachungulia mlangoni. "Huyu atahukumiwa kwa aliyemuua. Wewe utaanza kwa kunieleza kuhusu yule aliyekufa akiomba maji. Sajenti, mkalishe kwenye benchi la mahabusu, uchukue maelezo yake."

Mkuu wa kituo alicheka kidogo, akiwatazama askari wake ili nao wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama Lango alikuwa ndiyo kwanza anatoka, na ilibidi asogee kumpisha akae.