Mpira Ambao Tatiana Hakuugusa

Haya yalimpata mdogo wangu Joviale, na mengine niliyaona kwa macho yangu. Watu waliokuwa uwanjani siku ya fainali bado wanasema msichana yule alirukwa na akili mbele ya umati. Waache waseme. Hawakumjua Nsimire.

Joviale alikuwa anasoma mwaka wa pili katika chuo kidogo huko Nguba, chuo chenye uwanja mmoja wa saruji unaotazama ziwa. Wanafunzi walikuwa wachache, hata kupata wasichana wa kutosha kuunda timu ya voleboli ilikuwa kazi. Yeye alikuwa passeuse, yule anayeuinua mpira karibu na wavu ili mwenzake aruke na kuupiga. Na mwenzake huyo alikuwa Nsimire, kapiteni, rafiki yake tangu walipokuwa watoto wa shule kule Kadutu.

Jumamosi moja nilipita kuwaletea mahindi ya kuchemsha. Mvua ilikuwa imeacha, saruji inakauka. Nsimire alikuwa anaruka, anapiga, anacheka. Joviale hakuwa hata anamtazama. Aliinua tu mpira upande wa kushoto, na mkono wa Nsimire ulikuwa umeshafika.

"Unajuaje kama mukono yake iko pale?" nilimuuliza walipopumzika.

"Yaya, minajua tu," alisema, akiniita kama wadogo wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao, mdomo umejaa mahindi. "Hata nikifunga macho."

Siku hiyo ndipo Papa Aloys alipokuja. Alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu, mwenye mashimo huko Shabunda, na chuo kilikuwa kimemwomba awe rais wa timu. Mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alitoa mfukoni kichupa cha mafuta meusi, akasema ni dawa ya kutuliza mikono, kwamba wachimbaji wake wanaitumia. Wasichana walijipaka wakikunja pua, maana yalinuka udongo wa chini kabisa, ule ambao haujawahi kuona jua. Kisha akamgeukia Nsimire.

"Weye kapiteni, maliza yote. Na uniambie majina yako. Yako na ya maman yako."

Nsimire alimwambia. Mtu mzima ameuliza, utakataaje? Papa Aloys aliyarudia majina yale polepole, midomo ikicheza bila sauti.

Timu ilianza kushinda. Chuo ambacho hakuna aliyekuwa anakijua kiliwafunga wakubwa, mmoja baada ya mwingine. Lakini Nsimire alianza kulalamika baridi ya mikono. Si mwili, mikono tu. Alicheza, akishuka chini anaificha kwapani. Joviale alikuwa akimshika viganja na kuvipulizia. Walijaribu hospitali, walijaribu maombi. Madaktari hawakuona kitu. Baridi ilipanda hadi kwenye viwiko, ikapanda hadi mabegani, na asubuhi moja ya masika mama yake, Maman Consolate, alimpelekea uji kitandani akakuta imefika moyoni.

Alikuwa mtoto wake wa pekee.

Tulimzika. Joviale hakulia makaburini. Alikaa amefungua viganja vyake magotini kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Papa Aloys alinunua jeneza zuri. Watu walimsifu.

Ligi haikusimama. Kocha alimweka Tatiana mahali pa Nsimire, Tatiana mfupi, aliyeingia timu kwa sababu tu hakukuwa na mwingine. Katika mchezo wa kwanza, Joviale alisahau. Mpira ulimjia, akauinua kushoto, juu sana, kipimo cha Nsimire. Tatiana aliruka. Mkono wake ulikuwa chini kabisa ya mpira.

Mpira ulipigwa.

Ulishuka upande wa pili kwa kishindo, wapinzani hawakuinua hata mkono. Watu wakashangilia, "Tatiana! Tatiana!" Tatiana alibaki ameduwaa, akikitazama kiganja chake.

Alikuja nyumbani kwetu jua halijazama. Hakutaka kukaa.

"Yaya," aliniambia kwa kunong'ona, "mpira haikugusa mukono yangu. Hata mara moja. Na kuko kitu inapumua nyuma yangu."

Nilimtazama Joviale. Nilidhani ataogopa. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamtiririka.

"Ni yeye," alisema.

Kuanzia hapo mdogo wangu alirudi kuwa mtu. Alikula. Alikwenda mazoezini kabla ya wenzake, na nilipopita barabara ya juu nilimwona peke yake uwanjani, anainua mpira, na mpira unavuka wavu. Alikuwa anaongea. Alikuwa anacheka. Nilirudi nyumbani bila kumwita, kwa sababu alikuwa na furaha.

Waliendelea kushinda hadi fainali ya jimbo. Aliyeshinda angekwenda Kinshasa. Wasichana wale, ambao ndege waliziona tu zikishuka upande wa Kavumu, walikuwa tayari wanabishana nani atakaa dirishani.

Jumapili kabla ya fainali, Maman Consolate alikuja kwetu akitoka misani. Alikuwa amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili. Alikataa chai. Alimshika Joviale mkono.

"Mutoto yangu," alisema, "Nsimire anachoka."

Joviale alitaka kuuvuta mkono wake, Maman Consolate akaukaza.

"Kila mara munashinda, anarudiaka kwangu. Mchana, jua inawaka. Anaketiaka kwa mulango ya jikoni. Anapumua kama mutu ametoka kubeba mizigo. Mikono yake imevimba, ngozi imeisha. Minamuambia, lala, mama, lala. Anasema, 'Maman, bado sijapewa ruhusa.'"

"Nani anamukataza?" niliuliza.

"Anasema haiko peke yake kule. Kuko bengine. Batu bamekufa, ba mashimo ya Shabunda. Nao pia habalale." Alimgeukia Joviale tena. "Mi sijue mambo ya mpira. Lakini anapiga sababu weye unamupatia. Usimupatie tena. Nakuomba, mama. Achilia mutoto yangu."

Alipoondoka, Joviale alijikunja kitandani kwangu kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Yaya, nikiacha kumupatia, anaenda kabisa."

"Ndiyo."

"Nitamupoteza tena."

Nilimshika kichwa tu.

Fainali ilichezwa alasiri, jua kali, watu wamepanda hadi juu ya kuta. Timu ya Uvira ilikuwa na nguvu. Papa Aloys alikaa kiti cha mbele, amevaa koti zito katika joto lile, mikono yote miwili mifukoni. Hakushangilia. Midomo yake tu ilikuwa inacheza.

Mchezo ulifika seti ya mwisho. Chuo chetu kilibakiza pointi chache tu kushinda. Mpira ulitoka nyuma, ukapanda, ukamjia Joviale taratibu. Upande wa kushoto Tatiana alikuwa ameshusha mikono, amefumba macho. Hata kuruka hakujaribu tena. Umati ulikuwa umesimama.

Joviale aliudaka mpira.

Aliudaka kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani. Katika voleboli hilo ni kosa. Mwamuzi alipiga filimbi. Watu walicheka, wakidhani ameteleza. Mpira uliofuata akaudaka tena. Kicheko kikakatika.

"Joviale! Uko unafanya nini?" kocha alipiga kelele. Hakuwa na passeuse mwingine.

Alidaka wa tatu. Wenzake walikuwa wanalia, wanamvuta jezi. Matusi yalishuka kutoka kwenye kuta. Mimi nilikuwa karibu na mstari, na nilichokiona nitakisema hivi hivi nilivyokiona. Mpira ulikuwa unavutwa. Mikono ya mdogo wangu ilinyooka mbele, misuli imemtoka, viatu vinateleza juu ya saruji kuelekea wavuni. Hakukuwa na mtu mbele yake.

Alipiga magoti, akaufunika mpira kwa mwili wake. Nilimsikia.

"Nsimire. Nsimire wangu. Inatosha."

Ukavutwa tena.

"Minajua unapenda. Minajua. Na mi napenda." Aliubana mpira. "Sikupatie tena. Enda ulale. Maman amekuruhusu. Mi pia nakuruhusu."

Kisha nywele zake, zile zilizokuwa zimemwangukia usoni, zilirudishwa nyuma ya sikio. Polepole. Kama mtu anavyomfanyia mtu anayempenda.

Na mpira ukalegea.

Papa Aloys alisimama. Alitoa mikono mifukoni kujishika kitini, na waliokuwa karibu naye walirudi nyuma. Viganja vyake vilikuwa vyeusi, vimepasuka, vimejaa udongo mbichi hadi ndani ya kucha. Aliondoka. Baada ya wiki chache habari zilifika kutoka Shabunda kwamba ameonekana kwenye mashimo yake, amevaa koti lile lile, anachimba kwa mikono. Walimwita, hakugeuka.

Chuo kilipoteza mchezo. Kinshasa hawakwenda. Wasichana wengine hawakumsamehe Joviale. Tatiana peke yake ndiye aliyerudi kumtembelea. Mwalimu mmoja alimwita mchawi darasani. Jioni alikuwa ananiuliza, "Yaya, nilifanya vizuri?" Nilimwambia ndiyo. Kesho yake aliniuliza tena.

Alichokosa hakikuwa kombe. Alirudi uwanjani siku moja, akainua mpira kushoto, juu. Ulipanda, ukashuka, ukadunda chini, ukabingirika hadi kwenye majani. Alikwenda kuuokota mwenyewe. Ndipo alipolia kilio ambacho hakulia makaburini.

Tulikwenda kaburini sisi watatu, Maman Consolate, Joviale na mimi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, njia yote matope, makaburi ya jirani yamechimbuliwa na maji. La Nsimire halikuwa hivyo. Udongo ulikuwa umebonyea katikati, na mbonyeo ule ulikuwa na umbo. Bega. Nyonga. Magoti yaliyokunjwa. Kiganja kimoja chini ya shavu.

Umbo la msichana aliyelala kwa ubavu.

Mama yake hakupiga kelele. Alifungua kitenge cha juu, akakitandaza taratibu, akakivuta hadi begani.

"Lala, mama," alisema.

Joviale alipiga magoti kumsaidia kukunja pindo upande wa miguu. Kisha akaushika mkono wangu, akauingiza chini ya kitenge kile kilicholowa.

Udongo ulikuwa na joto.